Nyumba Iendayo Safari

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua nyumba iendayo safari karne nyingi kabla ya motakaa. Jahazi lililotweka tanga Sur likaja na kaskazi hata Lamu na Unguja lilikuwa na tangi la mbao la maji matamu, lilikuwa na jiko la mpishi lililowekwa katika sanduku lenye mchanga ili moto usile chombo, na choo chake kilitungikwa nje ya tezi juu ya bahari. Mabaharia walikula, wakalala, wakasali na kuugua humo majuma mengi. Walakini hakuna nahodha aliyedai kwamba chombo chake hakimhitaji mtu. Waliolikalafati jahazi walijulikana kwa majina, waliolijazia maji kisimani walijulikana, na kaskazi yenyewe ilikuwa ya Mungu.

Juu ya nchi kavu nyumba ya namna hii ilichelewa kuzaliwa, na ilipozaliwa ilikuja na madai makubwa zaidi. Aina yake iliyokomaa ni lori la kijeshi au la mizigo, lenye nguvu ya injini katika magurudumu yote, lililoondolewa bodi yake likawekewa chumba chenye kitanda, jiko, maji, umeme na choo, ili wenyewe wapate kukaa jangwani au porini siku kumi au zaidi pasipo kuomba kitu kwa mtu. Wajerumani ni miongoni mwa mafundi wake wakubwa, na malori yao huonekana Afrika Mashariki, marefu ya kimo, yakishuka kutoka Uhabeshi kwa njia ya Moyale. Sifa ambayo wenye malori hayo huipenda kuliko zote ni kujitegemea. Neno hilo Azimio la Arusha la 1967 lililifikisha kwa kila mtoto wa shule Tanzania, lakini hapo aliyejitegemea alikuwa kijiji au taifa; hapa ni mume na mke na tangi lao. Basi historia ya nyumba hii yafaa kuulizwa swali moja ambalo wanaoisifu hawaliulizi sana: yale ambayo nyumba haikuyabeba yalibebwa na nani?

Aghalabu hadithi huanzishwa Uingereza mwaka 1885. Daktari Gordon Stables, aliyekuwa tabibu wa jeshi la majini kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu vya vijana, aliagiza kwa mafundi wa Bristol gari la mbao la kuishi, akaliita The Wanderer, yaani Mzururaji. Uzito wake ulikuwa tani zipatazo mbili, likavutwa na farasi wawili. Kiangazi cha mwaka ule alisafiri humo kutoka kusini ya Uingereza hata Inverness katika Uskoti, mwendo wa zaidi ya maili 1,000, na mwaka uliofuata akatoa kitabu ambamo safari yake imeitwa safari ya chombo, kana kwamba barabara za Uingereza ni bahari isiyo na mwenyewe. Lakini daktari hakuwa peke yake. Alikuwa na mwendesha farasi, na alikuwa na mtumishi aliyetangulia mbele juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, apate kuwaonya wenye magari yajayo kwamba kitu kipana kinawajia. Mtumishi huyu wa baiskeli yafaa akumbukwe, kwani atarudi katika hadithi hii kwa sura nyingine.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 1925, mwandishi Mfaransa Raymond Roussel, mtu wa mali ya urithi, alijengewa juu ya chasi ya Saurer jumba la motakaa lenye urefu wa mita zipatazo tisa, lenye sebule, mahali pa kulala na kuogea, na chumba cha watumishi watatu. Lilipofika Roma mwaka 1926, Mussolini alikwenda kulitazama. Roussel huyu ndiye aliyetoa mwaka 1910 kitabu kizima juu ya Afrika iliyotoka kichwani mwake, naye alikiri waziwazi kwamba safari zake zote hazikumpa kitu cha kutia vitabuni. Kwa mtu wa tabia hiyo nyumba ya magurudumu ilikuwa pazia kuliko ilivyokuwa dirisha. Yatosha kuhusu Roussel.

Safari iliyolileta jambo hili Afrika kwa kishindo ilikuwa ya kampuni ya Citroën. Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa akitunza motakaa za Mfalme wa Urusi, alibuni mkanda wa mpira wa kuwekwa mahali pa magurudumu ya nyuma, ili gari lisizame katika theluji. Mapinduzi ya 1917 yalipomrudisha kwao, André Citroën aliona kwamba kilichofaa theluji chaweza kufaa mchanga. Desemba 17, 1922 magari matano yaliondoka Touggourt katika Algeria, na Januari 7, 1923 yakaingia Timbuktu. Ndipo ilipotungwa safari kubwa zaidi. Oktoba 28, 1924 magari manane, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yaliondoka Colomb-Béchar, kila moja na trela lake na alama yake ubavuni: moja dundu wa dhahabu, moja hilali ya fedha, moja tembo mwenye mnara mgongoni, moja konokono mwenye mabawa. Yalikata Sahara, yakapita nchi za Niger na Chad na Ubangi-Shari, yakaingia misitu ya Kongo ya Wabelgiji, hata yakafika Kampala. Hapo msafara uligawanyika mafungu manne. Moja lilielekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji na moja Cape Town. Na Juni 26, 1925 Haardt alikuwa ameingia Antananarivo, mji mkuu wa Bukini.

Mchoraji Alexandre Iacovleff alikuwamo safarini, na mpiga picha za sinema Léon Poirier pia, na filamu yake ilipoonyeshwa Paris mwaka 1926 watu wengi waliona mashine iliyolishinda bara zima. Macho yao yalikuwa juu ya gari. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la nguvu za farasi kumi kwa hesabu ya kodi ya Ufaransa, na halikuweza kubeba petroli ya safari ya miezi minane. Petroli, vipuri na vyakula vilitangulizwa, vikawekwa akiba katika vituo njiani. Penye ngamia vilikwenda kwa ngamia, na pasipo ngamia wala barabara vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mtumishi wa baiskeli alikuwa ameongezeka akawa umati.

Hesabu ya kichwa cha mpagazi ilijulikana sana Bagamoyo na Tabora muda mrefu kabla ya Haardt. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili zipatazo 70. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na kibaba kina uzito wa ratili moja na nusu hivi. Mpagazi aliyebeba nafaka tupu, akala katika mzigo wake mwenyewe, angeumaliza kwa siku 46 au 47, akafika mikono mitupu. Kwa sababu hiyo misafara ya karne ya 19 haikujaribu kubeba chakula cha safari nzima. Ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, ikanunua nafaka kwa wenye nchi. Wagogo walitoza hongo, na maji ya visima vyao yalikuwa na bei. Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za hongo hiyo waliilaani kwa kurasa nyingi kama ujambazi, lakini mtu akiifikiri kwa utulivu ataona kwamba ilikuwa na adabu yake: aliyekunywa maji alijua ni ya nani. Msafara ulikuwa soko litembealo, wala haukudai kuwa kitu kingine.

Nyumba iliyojaribu kulikana soko hilo kabisa ilikwenda Kongo mwaka 1938. Attilio Gatti, mzaliwa wa Italia aliyekuwa akitoa vitabu na filamu za Afrika kwa wasomaji wa Marekani, alijengewa na kampuni ya International Harvester trela mbili kubwa zilizochorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mbunifu wa sura za motakaa. Zilipoegeshwa pamoja na kuunganishwa zilifanya nyumba ya vyumba vitano, yenye jiko la umeme, friji, mahali pa kuogea, hewa iliyopozwa, baa ya vinywaji, na jenereta ya kuviendesha vyote. Gatti aliziita Jungle Yachts, yaani vyombo vya anasa vya msituni, naye alisafiri humo pamoja na mkewe Ellen. Jina lilisema msitu, lakini trela ya namna ile haipiti msituni hata siku moja. Yapita barabarani tu. Na barabara za Kongo ya wakati ule zilifyekwa, zikajazwa mashimo, na madaraja yake ya magogo yakatengenezwa upya baada ya mvua kwa mikono ya wanavijiji, ambao wengi wao walihamishwa na serikali wakakalishwa kandokando ya barabara. Katika nchi ile kazi ya lazima haikuwa siri. Tangu 1917 sheria iliruhusu mwanakijiji kudaiwa siku 60 kwa mwaka za kilimo cha lazima, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zikafika 120. Nyumba yenye hewa baridi ilipita juu ya siku hizo pasipo kuzihesabu katika gharama zake.

Baada ya vita Gatti alirudi, mwaka 1947 na 1948, safari hii kwa kupitia Mombasa, akiwa na malori mapya na mitambo ya redio ya kampuni ya Hallicrafters. Kutoka porini Kenya na Tanganyika mafundi wake waliongea na wapenzi wa redio duniani kote. Nyumba iliweza sasa kusema na Chicago. Kwa jirani aliyekaa nusu maili kutoka kambini ilihitaji bado mkalimani.

Kilichobadili hali hii hakikutoka kwa matajiri wala kwa wapelelezi wa nchi. Kilitoka shambani. Ujerumani iliposhindwa vitani mwaka 1945, watu wake walikuwa na njaa na viwanda vyao vilikuwa vifusi. Albert Friedrich, mhandisi aliyekuwa akishughulika na injini za ndege katika kampuni ya Daimler-Benz, alichora mashine ya mkulima: ilime, ivute, ibebe mazao hata sokoni. Nafasi baina ya magurudumu ya kulia na ya kushoto iliwekwa milimita 1,270, kwa kuwa huo ndio upana wa matuta mawili ya viazi. Mashine hiyo iliitwa Unimog. Ya kwanza zilitengenezwa mwaka 1946, na mwaka 1951 Daimler-Benz yenyewe ikaichukua kazi hiyo katika kiwanda chake cha Gaggenau. Injini ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu, lakini mashine ilikuwa na hekima katika miguu yake. Ekseli ya gari la kawaida hupita katikati ya gurudumu, na difu huning'inia chini yake, na jiwe refu hugonga hapo. Katika Unimog meno ya gia yalitiwa karibu na kila gurudumu, na ekseli ikapandishwa juu ya kitovu cha gurudumu, hata tumbo la gari likawa juu ya mawe pasipo kuongeza ukubwa wa matairi. Fremu nayo iliachwa ijisokote, ili gari likipita penye mashimo magurudumu yote manne yapate kukanyaga chini. Majeshi hayakukawia kuona faida. Aina ya kijeshi, Unimog 404, ilitengenezwa tangu 1955 hata 1980, na idadi yake ilipita 64,000.

Fundi atakaye kuweka nyumba juu ya lori la namna hii hukabiliwa na tatizo kubwa. Fremu ijisokotayo ni nguvu kwa lori, lakini kwa nyumba ni balaa. Chumba ni sanduku gumu. Likifungwa kwa boliti katika pembe zote nne, fremu itakapojisokota kama nguo ikamuliwayo, chumba kitasokotwa pamoja nayo: milango itakataa kufunga, mabomba ya maji yatavuja kwenye viungo, na pembe za madirisha zitapasuka. Wengi wa wajenzi wa mwanzo walilipata somo hili baada ya kazi ya miaka miwili na fedha yote. Dawa yake yajulikana kwa kila aliyewahi kuinjika chungu. Chungu juu ya mawe manne huyumba, kwa sababu daima jiwe moja hukosa kukigusa. Chungu juu ya mafiga matatu hutulia hata ardhi isipokuwa sawa. Basi chumba hukalishwa juu ya nukta tatu, mbili katika upande mmoja wa fremu, kulia na kushoto, na ya tatu katikati ya upande wa pili, yenye kiungo kizungukacho. Fremu yajisokota chini, na chumba chainama kizima juu yake bila ya kupindwa. Wako wanaotumia nukta nne zilizopangwa kwa umbo la almasi, lakini kanuni ni ileile.

Malori yenyewe yalipatikana kwa wingi mambo ya Ulaya yalipogeuka. Mwaka 1990 Ujerumani mbili ziliungana, jeshi la mashariki likavunjwa na la magharibi likapunguzwa, na malori ya Mercedes, Magirus, MAN na IFA yakauzwa kwa raia, pamoja na visanduku vilivyokuwa vya mitambo ya redio, vyenye kuta nene zisizopitisha joto wala baridi. Seremala, mwalimu au nesi aliyestaafu aliweza kununua kilichojengwa kwa ajili ya vita ambavyo havikupiganwa, akatia ndani kitanda na sinki. Leseni ya zamani ya udereva ya Ujerumani ilimruhusu mtu kuendesha gari lisilozidi tani 7.5, na mpaka huo umewafanya wajenzi wengi kupima kila ubao na kila sufuria kama muuza dhahabu.

Hapa hesabu ya Bagamoyo yarudi. Lita 300 za maji zina uzito wa kilo 300. Watu wawili wakitumia lita 30 kwa siku, pamoja na kuoga kwa uangalifu, watakaa siku kumi. Dizeli lita 400 ina uzito wa kilo 335 hivi, na kwa lori linywalo lita 25 kwa kila kilomita 100 itatosha kilomita 1,600. Jumla yake ni mizigo ya wapagazi ishirini, na posho yao juu yake. Umeme uliomlazimu Gatti kuwa na jenereta yenye kelele watoka sasa juani. Kibao cha kwanza cha silikoni kilichofaa kwa kazi, kilichoonyeshwa Marekani na Bell Laboratories mwaka 1954, kiligeuza umeme sehemu 6 tu katika 100 za nguvu ya jua. Vya leo vyapita 20. Vibao vya wati 400 juu ya paa, katika nchi yenye jua la saa tano kamili kwa siku, hutoa umeme wa kutosha friji, taa na pampu ya maji, na ziada ikabaki betrini. Choo ni kikavu, kitengacho mkojo na kinyesi, kwa hiyo hakinywi maji. Kazi ya wapagazi ishirini imeingia ndani ya matangi mawili, na hakuna kichwa kilichochubuka. Hili ni jambo kubwa, na mtu asilidharau kwa sababu tu waliolifanya ni watu wa mapumziko. Kwa mara ya kwanza tangu Stables mtumishi wa baiskeli amefutwa kazi.

Au yaonekana hivyo. Wajenzi wengi wa malori haya huikataa injini mpya wakachagua ya zamani, na sababu yao ni ya kufikirika sana. Injini mpya hutaka dizeli safi na huugua ugonjwa usiotambulikana bila ya kompyuta ya kiwandani. Injini ya zamani hufunguliwa kwa spana, na fundi wa Isiolo, wa Dodoma au wa Lubumbashi aijua, kwa kuwa ameilea miaka mingi katika malori ya mizigo. Springi ikikatika, hutafutwa karakana yenye springi za malori yaliyokufa, ikachaguliwa iliyo karibu kwa kipimo, ikafuliwa, ikakatwa, ikafungwa. Kujitegemea kwa mtu huyo kumejengwa basi, tangu siku alipochagua injini kwao Ulaya, juu ya ufundi wa mtu ambaye hajaonana naye bado. Katika mwongozo wa ujenzi ufundi huo haupewi nafasi pamoja na matangi na betri. Labda kwa sababu hauna uzito.

Barabara nayo imebadilika. Njia ya kutoka Isiolo hata Moyale, kilomita zipatazo 500, ilikuwa sifa ya watu wa malori haya kwa ukali wake. Mawe yake na makunyanzi yake yalivunja springi, na masika yaliizamisha hata mikokoteni. Katika miaka ya 2010 ilimalizwa kutiwa lami. Kwa watu wa Marsabit, waliokuwa wakisafirisha ng'ombe na wagonjwa juu ya malori yaleyale siku mbili au tatu, lami ilikuwa haki iliyochelewa. Baadhi ya wasafiri waliihuzunikia.

Kisha ulikuja mwezi wa Machi 1920 na 100, yaani 2020, na mipaka ikafungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Nyumba zilizokuwa na maji ya siku kumi na dizeli ya kilomita 1,600 zilisimama mbele ya kizuizi ambacho ekseli haziwezi kukipanda. Ilikumbukwa tena kwamba gari la kigeni laingia katika nchi nyingi kwa hati ya forodha yenye muda wake, na mwenye gari kwa muhuri katika pasi. Wengine waliyaacha malori yao ugenini wakarudi kwao kwa ndege.

Wakati huohuo, katika Aprili na Mei ya mwaka ule, malori mengine yalikuwa yamesimama Malaba, upande wa Kenya, katika foleni ya makilomita mengi, yakingoja madereva wapimwe kabla ya kuvuka Uganda. Madereva hao walilala katika kabini, nyuma ya kiti, juu ya godoro la upana wa mtu mmoja. Walipika chini ya trela kwa jiko la mkaa au la gesi, palipo kivuli, sufuria ikikaa karibu na springi. Maji walinunua kwa wachuuzi wa kandokando ya barabara, kwa madumu ya lita 20, nao wachuuzi waliambiwa wasiwakaribie, maana katika miezi ile dereva wa masafa marefu alitajwa mjini na redioni kama mchukuzi wa maradhi. Choo kilikuwa shamba la mtu. Siku nne zilipita, tano zikapita, na foleni ikasogea mita chache, na kila iliposogea tanboi alikimbia kuondoa mawe chini ya matairi na kuyaweka tena. Trela zilikuwa na ngano, saruji, dawa na nguo kuukuu. Na baina yake, moja hapa na moja pale, zilisimama tangi ndefu za dizeli ziendazo Kampala na Kigali.